Kusimama Nyuma ya Bamba: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwa Mwamuzi wa Besiboli ya Kulipwa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mwamuzi wa besiboli ya vijana mwishoni mwa juma hapa Marekani, na kila msimu unapoanza, ndugu zetu waliohamia huku na ambao watoto wao wameanza kucheza huniuliza maswali yale yale. Je, ni lazima uwe umewahi kuucheza mchezo wenyewe? Je, shahada inahitajika? Inachukua miaka mingapi kufika ligi kuu, ile ya MLB? Na yule mtu anayejikunja nyuma ya mdakaji (mchezaji anayedaka mipira inayorushwa kwa mpigaji), mpira ukimjia kwa kasi ya gari la barabara kuu, haogopi? Mwongozo huu ni jibu langu kwa wote kwa pamoja, na nimeuelekeza zaidi kwa anayetaka kuifanya kazi hii iwe riziki yake, ingawa hatua za mwanzo zitamfaa hata anayetaka kusimamia michezo ya mtaani tu.

Niseme tangu sasa jambo ambalo wanaoanza hulikataa mpaka wapigwe na mpira mara moja au mbili: kazi hii haitegemei ukali wa macho kama watu wanavyodhani. Inategemea mahali ulipoiweka miguu, kimo cha kichwa chako, na uwezo wako wa kunyamaza kwa muda mfupi kabla ya kutamka uamuzi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Shahada haihitajiki, kinachotakiwa kwa kawaida ni cheti cha kumaliza sekondari au kinacholingana nacho. Uwezo wa kuona lazima uwe kamili, lakini miwani au lenzi zinaruhusiwa. Kwa kuwa ajira yenyewe iko Marekani na Kanada, asiye raia lazima awe na haki ya kisheria ya kufanya kazi huko, na hili ulishughulikie mapema kuliko kununua viatu. Utahitaji leseni ya udereva pia, kwa sababu katika ligi za chini waamuzi hujiendesha wenyewe kutoka mji hadi mji, mara nyingi usiku baada ya mchezo. Kuwa umewahi kucheza kunasaidia, lakini si sharti.

Vifaa vya mwanzo ni hivi:

- barakoa ya chuma yenye kinga ya koo;
- kinga ya kifua inayovaliwa ndani ya shati;
- kinga za miguu kuanzia goti hadi juu ya wayo;
- kinga ya sehemu za siri;
- viatu vyenye chuma kwenye vidole;
- kofia ya ukingo mfupi, ili barakoa ivaliwe na kuvuliwa bila kuigusa;
- mikoba miwili ya mipira ya kufunga kiunoni;
- brashi ndogo, pamoja na kihesabio cha mkononi cha boli (mpira uliopita nje ya eneo la straiki bila mpigaji kuuzungushia gongo), straiki (uliopita ndani ya eneo hilo, au aliouzungushia gongo akaukosa) na auti (mchezaji kutolewa). Straiki tatu humtoa mpigaji, boli nne humpa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vile anavyovikimbilia.

Usinunue barakoa iliyotumika bila kuikagua. Chuma kilichopinda hata kidogo kimekwisha kazi yake, na mto wa ndani uliokauka hupeleka kishindo chote kwenye taya. Kinga ya koo nayo si pambo: ilianza kutumika baada ya mwaka 1976, pale mdakaji Steve Yeager wa Los Angeles Dodgers alipochomwa shingoni na kipande cha gongo lililovunjika (gongo la mti, si lile la chupani) alipokuwa akisubiri zamu yake ya kupiga.

Hatua kwa hatua

1. Soma kitabu cha kanuni mpaka uweze kukieleza kwa maneno yako. Anza na eneo la straiki. Upana wake ni upana wa bamba la nyumbani (kibao cheupe kilicho chini, ambacho mpigaji husimama kando yake), yaani inchi 17, karibu sentimita 43. Mpaka wa juu ni katikati ya mabega na kiuno cha suruali ya mpigaji, na wa chini ni shimo lililo chini ya kifuniko cha goti. Mpira ukigusa sehemu yoyote ya eneo hilo, hata kwa ukingo wake tu, ni straiki. Baada ya hapo soma kwa makini kanuni tatu zinazowaaibisha wageni: mpira wa juu ndani ya uwanja, ambapo, katika mazingira maalumu, mpigaji huhesabiwa auti hata mpira usipodakwa; straiki ya tatu isiyodakwa; na mrushaji kudanganya mwendo wake wakati kuna mkimbiaji kwenye besi.

2. Jiunge na chama cha waamuzi wa eneo lako, uanzie kwa watoto. Karibu kila wilaya ya Marekani ina chama kinachopanga waamuzi wa ligi za watoto na za shule za sekondari, nacho hutoa mafunzo wakati wa baridi. Kosa la kawaida ni kukimbilia michezo mikubwa. Kwa watoto wa miaka kumi mrushaji hurusha mipira mia inayokwenda kila upande, nawe unapata mazoezi ambayo mchezo wa wakubwa hautakupa.

3. Vaa kwa mpangilio, kisha ujijaribu. Kinga ya sehemu za siri kwanza, halafu za miguu, suruali, kinga ya kifua, na shati juu yake. Kuvaa kinga ya kifua ndani ya nguo ni desturi inayohusishwa na Bill Klem, aliyekuwa mwamuzi wa Ligi ya Taifa (mojawapo ya ligi mbili zinazounda MLB, nyingine ni Ligi ya Marekani) kuanzia 1905 hadi 1941 na kusimamia Fainali za Dunia (World Series, fainali za ubingwa wa MLB) 18. Waamuzi wa Ligi ya Marekani waliendelea kwa miongo mingi kushika mto mkubwa mbele ya kifua, na kwa kuwa mto huo haukuwaruhusu kuinama kwa urahisi, walisimama juu zaidi na kuuona mpira kwa pembe nyingine. Ukishavaa, chuchumaa mara kumi nyumbani. Kinachokubana sebuleni kitakutesa katika inningi ya saba, yaani kipindi cha saba cha timu kupokezana kupiga.

4. Simama katika mwanya. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

 Mwanya ni nafasi iliyo kati ya mdakaji na mpigaji. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mwanya uko upande wako wa kushoto. Kwa wa mkono wa kushoto, uko kulia. Usisimame nyuma ya kichwa cha mdakaji, kwa sababu kutoka hapo ukingo wa chini wa eneo la straiki huuoni kabisa, unaukisia. Mguu ulio upande wa mwanya uwe mbele kidogo, na vidole vya mguu wa pili viwe sawa na kisigino cha ule wa kwanza. Panua miguu kupita mabega. Mrushaji anapojiandaa, shuka kwa kukunja magoti na nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, mpaka kidevu chako kifike usawa wa juu ya kichwa cha mdakaji. Pua ielekee ukingo wa ndani wa bamba. Mikono ikunje karibu na tumbo, kwa maana vidole vilivyoachwa wazi ndivyo huvunjwa na mpira uliochunwa na gongo.

 Kimo cha kichwa kisibadilike kati ya mpira mmoja na mwingine. Ukishuka sana, mipira ya juu itaonekana ya juu zaidi kuliko ilivyo. Ukibaki juu, ya chini itakupita. Makocha wanaweza kumvumilia mwamuzi mwenye eneo pana kidogo au jembamba kidogo, lakini hawatamvumilia yule ambaye eneo lake la inningi ya kwanza silo la inningi ya tano, na mara nyingi tofauti hiyo haitoki machoni. Magoti yamechoka.

 Mdakaji akisogea ndani na kuuziba mwanya, inuka kidogo utazame juu yake. Usijipinde pembeni kumchungulia, kwa sababu barakoa hukulinda pale tu uso unapoelekea mpira; ukigeuza kichwa, umetoa sikio na shingo. Utawaona baadhi ya waamuzi wakisimama kwa mkao wa mkasi, mguu mmoja ukiwa nyuma sana na mwili ukilalia mbele. Anayeanza ninamshauri auache, kwa kuwa mkao huo hukiweka kichwa mahali ambapo kishindo chote cha mpira huishia shingoni.

5. Ufuate mpira kwa macho, kisha chelewa. Kutoka kwa mrushaji hadi kwenye bamba ni mita 18.44, na mpira wa maili 95 kwa saa hufika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Katika muda huo kichwa kisitikisike. Macho peke yake ndiyo yaufuate mpira tangu unapoacha mkono mpaka ndani ya glovu. Usiitazame glovu ikiwa ndiyo kwanza imeudaka, kwani mdakaji hodari huivuta ndani kwa ustadi ili boli ionekane straiki. Baada ya mpira kudakwa, urudie akilini, uone ulipita wapi, ndipo useme. Wanaoanza husema mpira ukiwa bado hewani, halafu hulazimika kuutetea uamuzi ambao macho yao wenyewe yameshaukana. Dawa ninayoifahamu ni moja: tamka kimoyomoyo «ameudaka» kabla ya kufungua kinywa.

6. Toa uamuzi kwa sauti na ishara zinazotofautiana. Boli hutamkwa ukiwa umeinama, bila ishara. Kwa straiki, unainuka na kuonyesha kwa mkono wa kulia. Boli ya nne itamke kama nyingine. Usimwelekeze mpigaji besi ya kwanza, njia anaijua. Ukionyesha hesabu, boli ni mkono wa kushoto na straiki ni wa kulia, na boli hutajwa kwanza. Hesabu ya tatu kwa mbili ionyeshe kwa vidole, si kwa ngumi mbili hewani.

7. Tumia mkono wa kushoto kwa vifaa, wa kulia uwe huru. Kihesabio hukaa mkono wa kushoto, na mkono huo huo ndio unaovua barakoa mpira unapopigwa. Katika mfumo wa waamuzi wawili hutabaki nyuma ya bamba: mkimbiaji wa besi ya kwanza akielekea ya tatu kutokana na mpira uliopigwa, mwamuzi wa bamba ndiye anayekimbilia besi ya tatu. Bamba likichafuka, simamisha mchezo, zunguka mbele yake, wape mgongo wachezaji wa uwanjani, kisha inama upige brashi. Ni adabu ya zamani ya kutowaelekezea watazamaji makalio, nayo hukupa nafasi ya kupumua au kumwachia mdakaji aliyegongwa sekunde chache bila kumwaibisha.

8. Jifunze kuongoza watu kwa maneno machache. Kocha akiuliza kwa heshima, mjibu kwa sentensi moja. Akilalamikia boli na straiki kutoka nje, mpuuze mara ya kwanza, muonye waziwazi mara ya pili, na akiendelea mtoe uwanjani kama kanuni inavyoruhusu. Kulalamikia uamuzi ni sehemu ya mchezo. Kumtukana mwamuzi kama mtu ni jambo jingine, na mstari huo usiuache ukavukwa. Ukishamtoa, ondoka karibu naye. Mwamuzi anayemfuata kocha ili apate neno la mwisho ameshashindwa.

9. Hudhuria kambi, kisha shule. MLB yenyewe huandaa kambi za siku moja katika miji mbalimbali, na wanaofanya vizuri huweza kualikwa kwenye mafunzo marefu. Pia kuna shule ya Wendelstedt huko Florida, inayobeba jina la familia iliyotoa waamuzi wawili wa ligi kuu, baba na mwana. Darasani hufundishwa kanuni asubuhi, na mchana ni uwanjani. Wanaopima hawatafuti mtu asiyekosea, wanatafuta anayesahihishwa asubuhi na kuonekana amebadilika jioni. Nenda ukiwa na mwili ulio tayari, kwa sababu kuchuchumaa mara mamia kwa siku si jambo la kujaribia huko.

10. Panda ngazi za ligi ndogo, yaani ligi za kulipwa zilizo chini ya MLB. Anayechaguliwa huanzia ligi za wachezaji wapya, kisha Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini mnakuwa wawili, juu watatu. Mshahara wa ngazi za chini ni mdogo na hulipwa wakati wa msimu, kwa hiyo wengi huwa na kazi nyingine ya majira ya baridi. Weka mpango huo kabla ya kutia saini. Kupanda huchukua miaka saba hadi kumi au zaidi, na wengi huachwa njiani, wakiwamo wazuri, kwa sababu tu juu hakuna nafasi. MLB ina waamuzi wa kudumu 76, yaani vikosi 19 vya watu wanne, na mwaka mwingine ni mmoja au wawili tu wanaostaafu.

 Wanaoniuliza kama wamechelewa kwa umri huwa nawatajia watu wawili. Emmett Ashford aliacha kazi ya posta na kusimamia ligi ndogo kwa miaka 15 kabla ya kuwa mwamuzi wa kwanza Mweusi wa ligi kuu mwaka 1966, akiwa na miaka 51. Jen Pawol alianza ligi za kulipwa mwaka 2016 akiwa na miaka 39, akasimamia michezo zaidi ya 1,000 ya ligi ndogo, na tarehe 9 Agosti 2025, huko Atlanta, akawa mwanamke wa kwanza kusimamia mchezo wa msimu wa kawaida wa MLB. Kesho yake alikuwa nyuma ya bamba. Hata hivyo tusijidanganye: mwanamke mwingine, Pam Postema, alifanya kazi hiyo hiyo kwa miaka 13, akafika Triple-A, na hakupandishwa.

11. Jiandae kufanya kazi mbele ya mashine. Wanaofika juu huanza kwa kuitwa kutoka Triple-A kuziba pengo la aliyeumia au aliye likizo. Kikosi huzunguka: aliyekuwa besi ya kwanza leo, kesho yuko kwenye bamba, na aliyekuwa kwenye bamba huenda besi ya tatu, hivyo zamu ya bamba ni takriban robo ya michezo yako. Mapitio ya video yalipanuliwa mwaka 2014, na mwezi Septemba 2025 iliidhinishwa kwamba kuanzia msimu wa 2026 uamuzi wa boli na straiki uweze kupingwa mbele ya kamera. Kila timu huanza na pingamizi mbili na haipotezi ile iliyoshinda. Anayeruhusiwa kupinga ni mpigaji, mrushaji au mdakaji tu, kwa kugusa kichwa chake papo hapo bila kusaidiwa na benchi. Mashine hupima eneo kwa urefu wa mpigaji, kutoka asilimia 27 hadi 53.5, na huangalia katikati ya bamba. Wako wanaosema kazi imekwisha. Mimi naona mwamuzi anayepindua uamuzi wake mbele ya watu elfu arobaini bila kununa anahitaji ngozi ngumu kuliko yule wa zamani ambaye hakupingwa.

Mambo yakienda mrama

*Unafumba macho gongo linapozungushwa.* Hili ni la kila mtu. Vaa vifaa vyote, simama nyuma ya mdakaji wakati warushaji wanajinyoosha bila mpigaji, kisha ongeza mpigaji asiyepiga. Mwili utaiamini barakoa baada ya mipira mia kadhaa, maneno hayataushawishi.

*Umepoteza hesabu.* Usikisie. Simamisha mchezo, muulize mwenzako wa besi au mwandishi wa matokeo, halafu itangaze. Mimi niliwahi kumwacha kijana apige baada ya straiki tatu, na aliyenisahihisha alikuwa nyanya yake aliyekaa kwenye kiti cha kukunja. Tangu siku hiyo kihesabio nakiangalia baada ya kila mpira mmoja.

*Mpigaji ameanza kuzungusha gongo kisha akajizuia, nawe hukuona vizuri.* Sema boli, na mdakaji akiomba, muulize mwenzako wa besi kwa kumwelekezea mkono. Kuuliza si udhaifu, kwa sababu yeye yuko kwenye pembe ambayo wewe huna.

*Umepigwa na mpira kichwani.* Simamisha mchezo hata kama unajiona mzima. Kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kukuumiza macho, au kusahau inningi ni ya ngapi, ni sababu za kuvua vifaa na kumwona daktari siku hiyo hiyo. Barakoa iliyopokea kishindo hicho nayo ikaguliwe kabla ya kuvaliwa tena.

*Unaishiwa pumzi na uzito unaongezeka.* Safari za usiku na chakula cha barabarani huwaharibu wengi. Tarehe 1 Aprili 1996, siku ya ufunguzi wa msimu huko Cincinnati, mwamuzi John McSherry alianguka karibu na bamba katika inningi ya kwanza na kufariki kwa moyo. Pima afya yako kila mwaka, hata kama chama hakikudai.

*Umekosea, na kila mtu amejua.* Mwaka 2010 mwamuzi Jim Joyce alimtangaza mkimbiaji kuwa salama kwenye besi ya kwanza, akamnyima mrushaji Armando Galarraga mchezo mkamilifu (ambao hakuna mpinzani hata mmoja anayefika besi) uliobakiza auti moja. Alipoiona video alikiri waziwazi na kumwomba radhi Galarraga, na siku iliyofuata alikuwa nyuma ya bamba, Galarraga akamletea orodha ya wachezaji mkononi. Nawe fanya vivyo hivyo: ukiulizwa, kubali kwa sentensi moja. Usijaribu kulipa kwa kuipendelea timu iliyoumia katika mpira unaofuata, maana hapo utakuwa umekosea mara mbili, na safari hii kwa makusudi.

*Sauti imekauka katikati ya msimu.* Unapiga kelele kutoka kooni. Toa straiki kutoka tumboni, kunywa maji kati ya inningi, na boli iseme kwa sauti ya kusikiwa na mdakaji na mpigaji. Watu wa jukwaani wataisoma kwenye ubao.